Itazame Mara ya Pili Bila Sauti

Kabla mtoto hajafika kwako, vijana wangu, watu wengine wameshafika kwake. Amefika jirani wa ploti, yule waliopanga naye ua mmoja, amefika mwalimu, amefika mchungaji, na siku hizi amefika mtu mwenye simu akamrekodi. Wote hao wamemwambia yeye ni nani. Ukianza kazi yako kana kwamba wewe ndiye wa kwanza kubisha mlango, utakosea kama nilivyokosea mimi kwa mtoto nitakayemwita Nyambura. Jina si lake. Sasa ni msichana mkubwa, na ndiye aliyeniruhusu niwasimulie nyinyi mnaoanza unasihi wa watoto.

Nilifanya kazi hii mjini Thika kwa zaidi ya miaka ishirini, nikitoka nyumbani Gatongora asubuhi na kurudi jioni. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mungu amenijalia kustaafu nikiwa bado na macho ya kusoma na miguu ya kunifikisha kanisani, na kwa hayo namshukuru kila siku. Mengi ninayoyajua sikuyapata darasani. Niliyapata kwa Mama Adhiambo, muuguzi wa zamani kutoka pande za Siaya, ambaye ndiye aliyefungua chumba chetu na kunifundisha kazi.

Chumba chenyewe kilikuwa kimoja, karibu na duka la fundi cherehani aliyeitwa Mutua. Mlangoni tuliweka kibao kilichoandikwa "Unasihi wa Watoto". Miezi ya kwanza hakuna aliyeingia kupitia mlango huo. Watu walikuwa wameona kwenye vichekesho vya runinga kwamba anayekwenda kwa mshauri ni mtu aliyerukwa na akili, na hakuna mama aliyetaka kuonekana akimwingiza mwanawe humo. Basi wakawa wanaingia kwa Mutua, aliyekuwa na mlango wa nyuma uliotokea uani kwetu. Walibeba kitambaa mkononi kana kwamba wamekuja kupimwa nguo. Siku moja Mutua alikuja kulalamika kwangu.

"Mama Njeri, yule mama wa Jumatano amepita na kitambaa kile kile mara nne. Sasa nimshonee ama nisimshonee?"

"Mshonee tu, Mutua," Mama Adhiambo akamjibu. "Akimaliza na sisi atahitaji kitu cha kuvaa."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Mama Adhiambo hakucheka nami. Alingoja nimalize, kisha akaniambia, "Watu wamekuambia wanaogopa nini, na hawakukudai kitu. Wewe unacheka. Andika." Alikuwa na daftari la kurasa ngumu, na kila mtoto aliyeletwa alikuwa na ukurasa wake ndani. Ukurasa huo haukuwa wa maneno ya mtoto. Ulikuwa wa maneno ya watu: redio imesema nini kuhusu mambo kama yake, darasani wanamwitaje, shangazi amesema nini akidhani mtoto amelala. Aliyaandika kama yalivyosemwa, bila kuyafupisha, kwa sababu mtoto huyabeba vivyo hivyo. Siku iliyofuata tulibadilisha kibao. Tuliandika "Watoto Wanakaribishwa", na baada ya muda mlango wa mbele ukaanza kutumika.

Kulikuwa pia na mvulana wa miaka saba kutoka Mwiki, aliyeletwa kwa kupiga wenzake. Wakati huo nilikuwa na kiti kimoja cha mtoto katikati ya chumba, kimeelekea meza yangu. Alisimama mlangoni akakitazama kile kiti, akanitazama mimi, akasema, "Sitasema kitu. Nataka wakili wangu."

Nikamuuliza wakili wake ni nani. Alifikiri kidogo, akaniita kama anavyomwita bibi yake. "Shosho, kwani si unaweza kuwa wewe?"

Alikuwa ameona kwenye runinga kwamba mtu akiketishwa peke yake mbele ya meza ni mshukiwa, na hakuwa amekosea sana. Nilikitoa kile kiti. Tangu siku hiyo nilikaa sakafuni juu ya mkeka, hata magoti yalipoanza kunilaumu, na kila mtoto nilimwacha achague pa kukaa.

Nawaambia haya ili mjue kwamba nilipokutana na Nyambura sikuwa mgeni wa kazi. Nilijua la kufanya, na nikaacha kulifanya.

Jengo la kupanga lilianguka Mwihoko wakati wa mvua, alasiri, watu wengi wakiwa kazini. Mama Nyambura alikuwa shambani, kwenye kazi ya kuchuma maua. Nyambura, mwenye miaka tisa, alikuwa nyumbani na mdogo wake Kimani, mwenye miaka mitano. Vijana wa mjengo, vibarua wa ujenzi kutoka mitaa ya jirani, walikuja na sururu na mikono mitupu wakaanza kuondoa mawe. Jioni hiyo walisikia sauti ya mtoto akiimba chini ya vifusi, wakachimba mahali hapo hapo mpaka kesho yake karibu saa sita mchana. Walimtoa Nyambura akiwa hai. Kimani alikuwa ubavuni mwake, amefariki.

Habari ilipotangazwa, picha ilikuwa ya msichana mwenye vumbi mpaka kwenye kope, amefunikwa blanketi, na maneno yaliyoandikwa chini yalisema kwamba huyu ndiye mtoto aliyeimba chini ya mawe. Nilikuwa mezani na chakula cha jioni. Nilisimama nikainua mikono na kumshukuru Mungu kwa sauti, na mume wangu, ambaye si mtu wa kupaza sauti, akasema amina. Kwa wiki mbili hakukuwa na redio isiyolitaja jambo hilo. Iliyokuwa ikisambaa kwenye makundi ya simu ni video ya dakika moja na nusu, na mimi mwenyewe niliwatumia akina mama wa kanisa letu.

Karibu miezi miwili baadaye, Mama Nyambura alimleta. Mtoto alikuwa ameacha kuongea isipokuwa ndiyo na hapana. Alikula akiwa amegeukia ukuta. Mkono wa kulia wa sweta yake ya shule alikuwa ameuvuta mpaka ukafunika vidole, na mkono huo aliuweka mdomoni tangu alipoingia hadi alipotoka. Sweta yenyewe ilikuwa imechanika nyuzi nyuzi kwenye ukingo wa mkono. Nililiona hilo nikadhani anautafuna.

Mama yake alitoa simu kabla hata ya kuketi. "Ngoja umuone hapa, Mama," akaniambia, akaiwasha ile video. Nyambura alitazama sakafu.

Na mimi, mwenye miaka yote hiyo ya kazi, nilimshika mtoto bega nikamwambia, "Kumbe ndiwe yule binti aliyeimba. Mungu amekutendea makuu."

Alisukuma ule mkono wa sweta ndani zaidi ya mdomo. Hakusema neno siku hiyo. Hakusema neno mara ya pili, wala mara ya tatu. Nilimpa rangi, nikampa udongo wa kufinyanga, nikampa vikaragosi vya soksi. Alivitazama kama mtu anayetazama mizigo ya wengine.

Baada ya mara ya tatu nilimpigia simu Mama Adhiambo, ambaye wakati huo alikuwa amerudi kwao kupumzika. Nilimweleza yote. Akaniuliza, "Umeandika nini kwenye ukurasa wake?"

"Sijaandika."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu habari yake naijua. Kila mtu anaijua."

Kisha akasema, "Basi na wewe umekuwa jirani wa ploti."

Sikulala vizuri baada ya hapo. Niliona kwamba nilikuwa nimempokea mtoto nikiwa tayari nimeshaiamini habari yake, na nilikuwa nimeiamini kwa sababu ilinipendeza. Sisi watu wa ushuhuda tuna udhaifu huo. Tukisikia jambo zuri tunasimama haraka kutoa shukrani, na tukishasimama ni vigumu kuuliza maswali. Nilikuwa nimemshukuru Mungu kwa jambo ambalo sikujua kama lilitendeka, na lile lililotendeka sikuliuliza.

Basi nilianza kazi upya. Nilikwenda Mwihoko nikaingia saluni iliyo karibu na lile jengo, nikasukwa nywele ambazo hazikuhitaji kusukwa. Sikumtaja mtoto hata mara moja. Haikuwa lazima, maana wanawake wa pale walimtaja wenyewe.

"Yule mtoto ako na neema. Mimi nilimpelekea mtoto wangu mgonjwa amguse, haki kesho yake akaanza kunyonya."

"Lakini mbona hacheki? Mtu ameokolewa na Mungu, ananuna."

"Si mapepo ya lile jengo hayo. Wanafaa wamuombee tena."

"Wewe Wanjiku, kwani mapepo yanakaa kwa mawe?"

"Uliza wale wa tivi. Mimi nasema tu kile nimesikia."

Niliyaandika yote nilipotoka. Mwalimu wake aliniambia kwamba shuleni wanamwita Mirako, yaani muujiza, na kwamba kabla ya mtihani watoto hupanga foleni kumgusa sweta. Wengine huvuta uzi mmoja wakauweka kwenye kikebe cha kalamu. Kwa hiyo hakuwa ametafuna ule mkono wa sweta. Alikuwa akichumwa na wenzake.

Hebu fikirini mtoto huyo. Amempoteza ndugu yake, na kila anapopita watu wanafurahi. Akilia, anamwaibisha Mungu. Akinuna, ana mapepo. Kila mtu amempa jina, na jina lenyewe ni zuri. Jina baya tungelipigania. Hili zuri tulimsaidia kulivaa.

Jioni ile ile nikaketi na video. Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hii ndiyo njia ya kazi ninayotaka kuwaachia. Mara ya kwanza itazame kama watu wengine, ili ujue wao wameona nini. Mara ya pili ondoa sauti kabisa, na usimtazame mtu yeyote isipokuwa mtoto. Mara ya tatu fumba macho na usikilize tu.

Bila sauti, niliona kitu ambacho sikukiona nilipoitazama nikiwa na machozi ya furaha. Mwandishi wa habari anainamisha kipaza sauti kwa Nyambura na kumuuliza swali. Mtoto anatikisa kichwa. Ni kidogo sana, kulia na kushoto, mara moja. Kisha mkono unapanda mdomoni. Anayeitikia ni mama yake, aliye nyuma, anayelia na kukubali kwa kichwa. Niliwasha sauti nikasikia swali lilikuwa nini. "Ni kweli ulikuwa unaimba huko chini?"

Nikafumba macho. Kulikuwa na kijana wa mjengo aliyehojiwa kwa sekunde chache tu. Alisema, "Tulisikia mtoto anaimba kuku, kuku hivi. Ndio tukajua ni hapa." Kisha mtangazaji akaendelea na maneno yake kuhusu nyimbo za Sande Skuli na imani ya watoto wetu.

Niliandika kwenye ukurasa: Amekataa kwa kichwa. Na chini yake: Kuku. La kwanza nililielewa nusu. La pili sikulielewa hata kidogo.

Wakati huo kulikuwa na jambo lingine lililokuja mbio. Kanisa lao lilikuwa limepanga ibada ya shukrani Jumapili ya wiki iliyofuata. Nyambura angesimama mbele aimbe wimbo ule ule, na mtu wa runinga alikuwa ameahidi kuja na kamera. Mama yake alikuwa ameshamshonea rinda. Nilipomuuliza kwa upole kama mtoto yuko tayari, aliniambia, "Mama Njeri, nimemzika mtoto mmoja. Wimbo wa huyu mwingine ndio unanishikilia. Usininyime." Kama mtoto angesimama pale, nilijua kwamba hangeimba, na watu wangepata jina jingine la kumpa. Kama ningeizuia ibada, ningemwondolea mama ukuta pekee aliokuwa ameuegemea.

Mara ya nne alipokuja, Nyambura alikuta katoni ya sabuni juu ya mkeka. Nilikuwa nimekata upande mmoja ukawa kioo cha runinga, nikachora vitufe kwa kalamu. Haikuwa na kitako, kwa hiyo mtu aliyetaka kuonekana ndani ilimbidi aishike kwa mikono miwili mbele ya uso. Sikulipanga hilo. Nilikuwa nimekata vibaya. Hata makosa ya mkasi Mungu huyatumia.

Nilianza mimi. Niliweka uso kwenye kioo nikasema kwa sauti ya mtangazaji, "Habari za saa moja. Nyambura ana miaka kumi na mitano, na chakula anachokipenda kuliko vyote ni maharagwe."

Alitikisa kichwa, vile vile nilivyoona kwenye video.

"Kama tumekosea, tunaomba radhi," nikasema. "Kuna mtu studioni anayeweza kurekebisha?"

Aliitazama ile katoni kutoka pale alipokaa. Kisha akaja. Alichukua katoni, na ili kuishika, mkono wa sweta ukashuka kutoka mdomoni kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Niko na miaka tisa," akasema. "Maharagwe sipendi."

Nilimshukuru kama watangazaji wanavyoshukuriana. Nikamuuliza, "Kuna habari nyingine mnayotaka kurekebisha?"

Sauti ilitoka ndani ya katoni, ndogo, lakini kila neno nililisikia.

"Si mimi niliimba. Ni Kimani. Aliimba ule wimbo wa wanyama wanamsifu Mungu. Mwalimu wa Sande Skuli anasema tuanze na ng'ombe, lakini yeye huanza na kuku. Aliimba sana. Kulikuwa na vumbi. Nikamwambia anyamaze, vumbi itaingia kwa mdomo. Akanyamaza."

Akangoja.

"Hakuongea tena."

Vijana wangu, nilikuwa na maneno mengi ya faraja tayari mdomoni. Miaka yangu yote kanisani ilikuwa imenipa maneno hayo. Niliyameza yote. Nilijua kwamba nikisema haraka "si kosa lako", nitakuwa nimemzima tena kama tulivyomzima wote. Nilikaa pale sakafuni mpaka mikono yake ikachoka na katoni ikashuka. Kisha nikamwambia, "Asante kwa kurekebisha. Tulitangaza vibaya. Mimi pia nilitangaza vibaya, na naomba unisamehe." Alinitazama kwa mshangao. Nafikiri hakuwa amewahi kuombwa msamaha na shosho.

Nilimuuliza angependa nani aisikie habari hii.

"Mama," akasema. "Lakini atakasirika. Yeye anapenda ile ya tivi."

Tulikubaliana kwamba atakayesema ni yeye, kwa siku atakayoichagua, na kwamba nitakuwa karibu. Alichagua Alhamisi, siku tatu kabla ya ile ibada. Siku zote hizo niliomba, na nakiri kwamba nusu ya maombi yangu yalikuwa hofu. Niliogopa kwamba namsaidia mtoto kwa kumvunja mama.

Mama Nyambura alipofika nilimwomba aketi mkekani. Aliketi bila kuuliza, na viatu vyake vyenye udongo wa shamba akaviweka kando. Nyambura alichukua katoni kwa mikono miwili akasema yote, kwa mpangilio ule ule, mpaka kwenye "akanyamaza". Safari hii hakusema lile neno la mwisho. Mama yake alilijua.

Hakulia. Alitazama kile kioo cha katoni kwa muda mrefu sana, na mimi nikashika kitambaa changu mkononi bila kujua nimpe nani. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza mtoto amekula nini shuleni.

"Alianza na nani?"

"Na kuku," Nyambura akasema.

"Ngai," akasema mama yake, akimwita Mungu polepole. "Mwaka mzima mwalimu anamwambia ng'ombe kwanza. Mwaka mzima."

Aliinua mkono akaiteremsha katoni, akauona uso wa binti yake. "Na mimi ningemwambia anyamaze," akasema. "Wewe unajua. Kila siku nikiombea chakula si ninamwambia, Kimani, nyamaza? Angekuwa hapa sasa hivi ningekuwa namwambia anyamaze."

Hapo ndipo mtoto alipolia. Mama yake alimvuta mapajani, mtoto mrefu wa miaka tisa, akamkumbatia pale sakafuni. Baada ya muda nilimsikia akisema juu ya kichwa cha binti yake, si kwangu wala kwa mtu yeyote, "Kwa hiyo yule kijana wa mjengo alimsikia yeye. Kimani wangu alisikika."

Nilikuwa nimeogopa kwamba tutamnyang'anya kitu. Alikuwa amepewa. Habari ya runinga ilikuwa imempa mtoto mmoja wa miujiza na kumfuta yule mwingine kabisa, na sisi wote tuliokuwa tukisema amina tulikishikilia kifutio. Hata hivyo, msiende kuchukia waandishi. Kama yule mwandishi asingemwekea kijana wa mjengo kipaza sauti kwa zile sekunde chache, neno kuku lisingetufikia. Tatizo halikuwa kwamba habari ilitangazwa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeitazama mara ya pili.

Wala msidhani kwamba yaliishia hapo. Nyambura alikuja kwangu kwa zaidi ya mwaka. Kulikuwa na siku ambazo ule mkono wa sweta ulirudi mdomoni, hasa mvua zilipoanza. Niliendelea kuandika ukurasa wake, kwa sababu watu hawaachi kusema, na kila waliposema jipya nilitaka kulijua kabla halijamkuta peke yake. Mwalimu wake alikomesha ile foleni ya kumgusa. Jina la Mirako lilichukua muda zaidi kufa.

Kuhusu ibada, nilimwambia Mama Nyambura kwamba naweza kuzungumza na mchungaji. Alikataa. "Hii ni yangu," akasema, akaenda mwenyewe kuomba asimame yeye badala ya binti yake. Mchungaji hakufurahi mwanzoni, maana programu ilikuwa imeshachapishwa, lakini alikuwa mtu mwema na mwisho akamwachia nafasi.

Jumapili hiyo nilikaa nyuma, karibu na mlango. Kanisa lilijaa hadi nje. Mtu wa kamera alikuwa ameweka vyuma vyake mbele kabisa. Mama Nyambura alipanda akiwa peke yake, akamwomba azime kamera kwanza, na yule kijana, baada ya kumtazama mchungaji, akaizima.

"Mtoto aliyeimba anaitwa Kimani," akasema. "Alikuwa na miaka mitano. Nyambura alikuwa naye mpaka mwisho. Namshukuru Mungu kwa wote wawili. Ni hayo tu."

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyejua la kufanya, hata mchungaji. Kanisa lililozoea kushangilia kila ushuhuda lilikaa kimya, na ukimya huo ulikuwa wa kwanza wenye heshima ambao mtoto yule alikuwa amepewa tangu atolewe kwenye mawe. Mwishowe mwalimu wa Sande Skuli aliinuka akawaita watoto mbele. Nyambura alikwenda nao, akasimama pembeni, mdomoni mkono wa ile sweta aliyoivaa juu ya rinda lake jipya.

Watoto walianza kuimba, na kama walivyofundishwa, walianza na ng'ombe. Nilimwona akiushusha ule mkono.

"Kuku kwanza," akasema.

Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. Mwalimu alimtazama, akamtazama mama yake, akainua mikono kuwanyamazisha watoto. Kisha akawapa sauti tena, wakaanza upya, na kuku.